Aliyeshika kopo mwisho

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka jana nilikuwa barazani kwa mama, Ngamiani hapa Tanga, nasahihisha madaftari ya kidato cha nne, wakati kinamama kumi wa mchezo walipofika kuokota namba. Mchezo wao ni wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Watu kumi, miezi kumi, na kila mwezi mmoja anaondoka na 500,000. Kijumbe ni shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mtu ambaye daftari lake sijawahi kuliona limepishana hata shilingi mia. Namba ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa mara nne, vikatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likatikiswa, likaanza kuzunguka kuanzia kwa mkubwa wao.

Aliyekaa mwisho kabisa, karibu na mlango, ni jirani yetu anayeuza vitumbua. Kopo lilipomfikia limebaki na kikaratasi kimoja. Akakitoa, akakikunjua: tisa. Maana yake Novemba. Na sote tulijua alikuwa anaomba hela ya mwanzo, anunue jokofu aanze kuuza juisi ya ukwaju na barafu pamoja na vitumbua vyake.

Hakugomba. Alisema tu, taratibu: "Jamani, kila mzunguko kopo linanifikia mimi mwisho. Wenzangu mnachagua, mimi naachiwa. Ndiyo yale ya chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Mama akanigeukia. "Wewe si ndiye mwalimu wa hisabati? Mwambie mwenzio basi."

Nikamwambia kwamba nafasi yake ya kupata namba moja ilikuwa sawasawa na ya mkubwa wao aliyeokota kwanza: moja ya kumi. Hakukubali. Shangazi naye hakukubali. Mama, aliyenisomesha kwa hela za mchezo huohuo, alinitazama kama mtu anayemwonea mwanawe huruma. Nikaona maneno hayatasaidia. Nikainuka, nikang'oa ukurasa wa Februari kwenye kalenda ya ukutani, nikaugeuza upande mweupe, nikachora mti.

Mti wa uwezekano tunauchora umelala. Shina liko kushoto, matawi yanaelekea kulia, na ndiyo maana wanafunzi wangu wanauita mti ulioanguka. Jina hilo nimelipenda na sasa nalitumia mwenyewe. Watu kumi ni wengi kwa ukurasa mmoja wa kalenda, kwa hiyo nikawaambia tuanze na wanne: mama, shangazi, mkubwa wao, na jirani. Vikaratasi vinne, kimoja tu kina namba moja. Mama anaokota kwanza. Kutoka kwenye shina nikatoa matawi mawili, la juu nikaandika "kapata", la chini "kakosa". Juu 1/4, chini 3/4.

Tawi la juu linaishia hapo, kwa sababu namba moja imeshatoka na wengine hawana cha kutarajia. La chini ndilo linaloendelea. Nikamuuliza shangazi: "Mama kakosa. Kwenye kopo vimebaki vingapi?" Vitatu. "Namba moja bado imo?" Imo. Basi shangazi ana 1/3 ya kupata, na 2/3 ya kukosa. Naye akikosa, mkubwa anakuta viwili, ana 1/2. Naye akikosa, jirani anakuta kimoja, nacho ndicho chenyewe, kwa hiyo ana 1/1: hawezi kukosa.

Hapo jirani akanikatiza kwa furaha. "Umeona! Namba zinapanda! Robo, theluthi, nusu, nzima. Basi wa mwisho ndiye mwenye bahati zaidi?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na jibu lake ndilo moyo wa mchoro wote. Ile 1/2 ya mkubwa haipo hewani, imekaa kwenye tawi. Ili mtu afike pale alipo mkubwa, lazima kwanza mama akose, kisha shangazi akose. Tawi lenyewe lina uwezekano wa kufikiwa, na tunaupata kwa kuzidisha kila kilichoandikwa njiani. Kwa hiyo:

Mama: 1/4.
Shangazi: 3/4 × 1/3 = 3/12, yaani 1/4.
Mkubwa: 3/4 × 2/3 × 1/2 = 6/24, yaani 1/4.
Jirani: 3/4 × 2/3 × 1/2 × 1 = 6/24, yaani 1/4.

Kadiri unavyosubiri, tawi lako linanenepa, lakini njia ya kulifikia inazidi kuwa nyembamba, na viwili hivyo vinafidiana kamili bila kubakisha hata chembe. Kwa watu kumi ni hivyohivyo. Wa kumi anahitaji wenzake tisa wote wakose: 9/10 × 8/9 × 7/8 × 6/7 × 5/6 × 4/5 × 3/4 × 2/3 × 1/2. Angalia zinavyokatana: 9 ya juu na 9 ya chini, 8 na 8, 7 na 7, hadi mwisho. Juu inabaki 1, chini inabaki 10. Nimeifundisha hesabu hii kwa miaka kumi na mitatu, na bado kila ninapozikata namba zile moja baada ya moja ubaoni nasikia raha ileile ya siku ya kwanza.

Mama akaushika ukurasa, akaufuatisha kwa kidole kutoka shina hadi ncha. Alikubali. Jirani alikaa kimya, halafu akatoa hoja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

"Mwalimu, nimekuelewa. Lakini leo aliyeokota wa nne ndiye aliyetoa namba moja, akaishangilia hapa mbele yangu. Kuanzia pale mpaka kopo linafika kwangu, bado nilikuwa na moja ya kumi?"

Hapana. Kuanzia pale alikuwa na sifuri. Na hapa ndipo watu wazima na wanafunzi wa kidato cha nne hukwama kwa namna moja. Ile 1/10 ni ya mtu aliyesimama kwenye shina, kabla kikaratasi chochote hakijafunguliwa. Kila kikaratasi kinapofunguliwa, tunasogea kwenye mti, tunaingia tawi moja na kuyaacha mengine, na hesabu inaanza upya kutoka pale tulipo. Wa mwisho hakupunjwa nafasi. Alichonyimwa ni kule kutojua: alilazimika kukaa na kutazama matumaini yake yakifungwa mbele ya macho yake, mtu baada ya mtu, huku wa kwanza akipata jibu lake mara moja. Maumivu yake yalikuwa ya kweli. Yalitokana na namna ya kufungua tu.

Nikawashauri jambo dogo: kila mtu aokote, akifumbate kikaratasi chake bila kukikunjua, na kopo likishazunguka lote wafungue kwa pamoja. Uwezekano ni uleule hadi sehemu ya mwisho. Lakini ukiwa na vikaratasi kumi kwenye viganja kumi vilivyofumbwa, nani wa kwanza na nani wa mwisho? Hata bila mti unaona kwamba kiganja chochote kinaweza kuwa nacho. Shangazi aliandika kwenye jalada la daftari lake: "Kufungua ni pamoja."

Wiki hiyohiyo nilikuwa naingia mada ya uwezekano darasani, na nikaenda na kopo lile.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wako 68 katika chumba kimoja. Hisabati wanaisoma kwa Kiingereza, na katika maswali ya mada hii kuna maneno mawili yanayobeba kila kitu, maneno yanayosema kilichotolewa hakirudishwi. Nimeona mwanafunzi hodari akiyapita kama mtu anayepita kibao barabarani. Ukimuuliza, "Swali limesema unarudisha au hurudishi?" anarudi kusoma, anashtuka. Kwa hiyo siku ya kwanza siandiki chochote ubaoni. Naita mwanafunzi mbele, anatoa kitu kwenye kopo, na namwambia akishike. Abaki amekishika mkononi muda wote. Kisha naita wa pili. Darasa zima linakiona kile cha kwanza kiko mkononi mwa mwenzao, hakimo kwenye kopo, na hakuna haja ya tafsiri. Bila kurudisha, basi.

Zamani nilikuwa natumia machungwa na malimao kwenye kikapu cha ukili. Mwaka mmoja kijana aliyetoka Muheza, ambako machungwa ni kazi ya nyumba kwa nyumba, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba yeye hata akifungwa kitambaa machoni atajua lipi chungwa na lipi limao kwa kushika tu. Tukamfunga kitambaa. Akatoa malimao yote, moja baada ya jingine, bila kukosea. Alikuwa amegusa sharti ambalo vitabu hulisema kwa haraka: kila kitu kwenye kopo lazima kiwe na nafasi sawa ya kutoka. Mkono ukiweza kubagua, mti wote ni batili. Tangu siku hiyo natumia visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Vyote vina umbo moja na uzito mmoja, vinatofautiana rangi tu. Vitano vyekundu, vitatu vya bluu.

Kisoda cha kwanza: 5/8 chekundu, 3/8 bluu. Kabla ya kuchora tawi la pili nauliza maswali mawili, na nauliza kila mara, hata yakichosha. Vimebaki vingapi vyote? Vya rangi hii vimebaki vingapi? La kwanza linatoa asili, la pili linatoa kiasi. Kama cha kwanza kilikuwa chekundu, vimebaki saba, vyekundu vinne na bluu vitatu: 4/7 na 3/7. Kama kilikuwa bluu, vimebaki saba, vyekundu bado vitano na bluu viwili: 5/7 na 2/7.

Ncha nne za mti, kwa hiyo: nyekundu nyekundu 20/56, nyekundu bluu 15/56, bluu nyekundu 15/56, bluu bluu 6/56. Ukizijumlisha unapata 56/56, na hiyo ndiyo hakiki ya kwanza. Uwezekano wa rangi moja ni 20 na 6, yaani 26/56, ambayo ni 13/28. Wa rangi tofauti ni 30/56, yaani 15/28. Ukitembea kwenye tawi unazidisha, ukihama kutoka ncha hadi ncha unajumlisha.

Makosa ninayokutana nayo kwenye madaftari karibu yote yanatokea kwenye matawi ya pili. Wapo wanaoiacha asili ikiwa 8, maana yake wamerudisha kisoda bila kuambiwa. Wapo wanaopunguza asili ikawa 7 lakini wakasahau kiasi, wakaandika 5/7 baada ya chekundu kutoka. Na wapo wanaopunguza kila kitu kwa hofu ya kusahau: kimetoka chekundu kimoja, wao wanaandika 4/7 na 2/7, kana kwamba na bluu imetoka. Huyu wa tatu nampa dawa moja tu. Simama kwenye panda, pale tawi linapogawanyika, ujumlishe matawi yanayotoka hapo. Lazima ipatikane nzima. 4/7 na 2/7 ni 6/7. Ile 1/7 iliyopotea ni kisoda ulichokiiba.

Lakini kuna kosa moja ninalolichukia kuliko yote, na linatokana na tabia njema. Tunawafundisha watoto tangu shule ya msingi kwamba sehemu lazima irahisishwe. Mtoto anapewa visoda 10, sita vyekundu. Anaandika 6/10, mkono umeshazoea, anarahisisha: 3/5. Anaendelea na tawi la pili, anaangalia nyuma, anaona 3/5, anapunguza moja juu na moja chini: 2/4. Jibu sahihi lilikuwa 5/9. Hajakosea kurahisisha, na hajakosea kupunguza. Amerahisisha mapema mno, na kwa kufanya hivyo amefuta kumbukumbu ya vitu halisi vilivyomo kwenye kopo. 3/5 haikumbuki tena kwamba vilikuwa kumi. Siku hizi naandika ubaoni kwa chaki ya rangi: kwenye mti usirahisishe, rahisisha ukishashuka. Mtihani uliofuata nilihesabu madaftari yenye kosa hilo na yalikuwa mawili tu. Nilifurahi sana.

Kitu kingine kinachowasumbua ni swali linaposema visoda viwili vimetolewa kwa mpigo. Wanasema, "Mwalimu, hapa hakuna cha kwanza na cha pili, mti utachoraje?" Chora uleule. Tia mkono, kamata viwili, utoe ngumi. Ukiifungua, kidole kimoja kitaachia kabla ya kingine. Kile kilichoachiwa mbele kiite cha kwanza. Hakuna kilichobadilika kwenye kopo. Ni kama kinamama na viganja vyao vilivyofumbwa.

Na si kila mara tofauti ya kurudisha na kutorudisha ni kubwa. Kwa visoda vinane, vyekundu viwili mfululizo bila kurudisha ni 20/56, kama 0.357. Ukirudisha ni 25/64, kama 0.391. Sasa fikiria gunia la visoda 800, vyekundu 500, yaani uwiano uleule. Bila kurudisha ni 500/800 × 499/799, ambayo ni kama 0.3903, na ukirudisha 0.3906. Gunia kubwa halisikii kisoda kimoja kikitoka. Kopo dogo linasikia.

Mti wote pia si lazima uchorwe. Shangazi ana meza ya chipsi jioni, na siku moja aliletewa trei ya mayai 30 akaambiwa waziwazi kwamba mawili ni viza, hayajulikani ni yapi, kapunguziwa bei. Akaniuliza: nikivunja matatu ya sahani ya kwanza, nina hatari gani? Mti wa mayai matatu una ncha saba, maana viza ni mawili tu na matatu hayawezi kutokea, lakini mimi nataka njia moja tu, ile ya mazima matatu: 28/30 × 27/29 × 26/28. Hiyo 28 inakatana na 28, inabaki 702/870, ambayo ni 117/145. Zilizobaki mpaka nzima, 28/145, ndiyo hatari ya kukutana na angalau yai moja viza. Karibu moja kwa tano. Shangazi aliamua kila yai livunjwe kwanza kwenye kikombe peke yake kabla halijaingia kwenye kikaango. Ncha sita nilizoziacha sikuzihitaji.

Narudi kwa jirani, maana sikumtendea haki mpaka nilipokumbuka jambo nililosoma chuoni.

Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kijitabu kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni akawaachia wasomaji maswali matano. Mojawapo lilihusu wachezaji watatu na vipande 12, vinne vyeupe na vinane vyeusi. Wanaokota kwa zamu wakiwa wamefungwa macho, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha tena wa kwanza, na atakayetoa cheupe mbele ya wenzake ndiye mshindi. Nafasi zao zina uwiano gani? Swali halikusema kama cheusi kikitoka kinarudishwa. Mwaka 1665 Huygens na Mholanzi mwenzake Johannes Hudde waliandikiana barua juu ya swali hilo huku majibu yao yakipishana, kwa sababu Huygens alichukulia kwamba kinarudishwa, Hudde akachukulia kwamba hakirudishwi. Jakob Bernoulli wa Uswisi alilirudia katika kitabu kilichochapishwa 1713, miaka minane baada ya kufariki kwake, akalitatua kwa tafsiri zaidi ya moja. Wanafunzi wangu huona faraja wakisikia kwamba neno walilolisahau wao kwenye mtihani liliwahi kuwagawa watu wa kiwango hicho.

Lichore bila kurudisha, wote wakiokota kwenye chombo kimoja. Wa kwanza anashinda mara moja kwa 4/12. Wa pili kwa 8/12 × 4/11. Wa tatu kwa 8/12 × 7/11 × 4/10. Halafu zamu inarudi kwa wa kwanza na vyeusi vimepungua tena, na mti unaendelea mpaka hatua ya tisa, ambapo vyeusi vyote vinane vimeisha na anayeokota hana njia ila kutoa cheupe. Ukijumlisha ncha za kila mmoja, uwiano unakuwa 77 kwa 53 kwa 35. Kwa asilimia ni kama 46.7, 32.1 na 21.2. Ukirudisha ni 9 kwa 6 kwa 4, yaani kama 47.4, 31.6 na 21.1.

Tazama kilichotokea. Hapa wa kwanza ana faida, tena kubwa, urudishe au usirudishe. Kwa hiyo hisia ya jirani haikutoka hewani. Ipo michezo ambamo kuwahi ni kupata, na tofauti iko kwenye sharti: vyeupe ni vinne, na mchezo unakufa cha kwanza kikitoka. Wa tatu mara nyingi hafikiwi hata na zamu. Kwenye kopo la mama namba moja ni moja tu, na kila mtu lazima aokote. Nilimpelekea mfano mdogo, nikiwa nimekwenda kununua vitumbua asubuhi: vikaratasi vinne, viwili vina alama, mimi na yeye tunaokota kwa zamu, atakayeanza kupata alama kashinda. Anayeanza ana 2/4 papo hapo. Akikosa, mwenzake ana 2/3. Naye akikosa, viwili vilivyobaki vyote vina alama, kwa hiyo aliyeanza anashinda tu: 2/4 × 1/3 × 1, yaani 1/6. Jumlisha na ile nusu: 2/3 kwa aliyeanza, 1/3 kwa aliyefuata. Aliugeuza ukurasa wa daftari lake la madeni, akauchora mti mwenyewe juu ya goti huku mafuta yakichemka, na hakukosea tawi hata moja.

"Kumbe sikuwa mjinga," alisema.

Nikamwambia hakuwa mjinga hata siku ile ya kopo. Alikuwa na kanuni sahihi ya mchezo mwingine.

Novemba ilifika, akapokea laki tano zake, jokofu likanunuliwa. Mzunguko mpya ulianza Januari hii, kinamama walewale kumi. Siku tatu kabla ya kuokota, shangazi alinipigia simu. Paa la jiko la mama linavuja, na yeye na mama walikuwa wamepanga kulitengeneza kabla mvua za masika hazijakolea, kwa hela ya mchezo. Akaniuliza, "Mwanangu, mimi na mama yako sote wawili tuangukie miezi mitatu ya mwanzo, inawezekana kiasi gani?"

Nikamwuliza yale maswali yangu mawili. Namba za mwanzo ziko ngapi? Tatu kati ya kumi. Wifi yako akishachukua moja, zimebaki ngapi? Mbili kati ya tisa. Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu. "Sita ya tisini," akasema. "Moja ya kumi na tano. Ndogo hiyo."

"Lazima mpate wote wawili?"

Hapana, mmoja akipata, mabati yananunuliwa, mwingine atalipa fundi baadaye. Basi tukatafuta njia ya wote wawili kukosa: 7/10 × 6/9, yaani 42/90. Kilichobaki mpaka nzima ni 48/90, au 8/15. Zaidi ya nusu. Nilimsikia akimwita mama kutoka jikoni amwambie.

Jumamosi walifumbata, kopo likazunguka, wakafungua pamoja. Jirani, aliyekuwa ameomba mwenyewe kukaa mwisho, alipata nne. Shangazi alipata nane. Mama alipata mbili, na mabati yako uani tangu wiki iliyopita, yanamsubiri fundi.